Nabii akipatia, ndiyo ametumwa na Mungu? Tuliongee hili, hasa sisi wa Tanga na pwani yote

Mzee wa Chumbageni (mtoa mada):

Bwana Yesu asifiwe, wana jukwaa. Na wenzetu wa imani nyingine mnaopita hapa, salaam kwenu.

Naandika kutoka Tanga mjini. Ni mzee wa kanisa na nafundisha darasa la watu wazima wanaojiandaa kwa ubatizo. Uzi utakuwa mrefu, nawaomba uvumilivu, kwa sababu jambo hili linavunja nyumba za watu ninaowajua na siwezi kulipitia juujuu.

Swali ninaloletewa kuliko yote siku hizi ni hili: "Mzee, yule mtumishi alinitajia jina la marehemu baba, akanitajia na ugonjwa wa mwanangu, na hajawahi kuniona. Sasa nitasemaje hajatumwa na Mungu?"

Hakuna mahali Biblia inasema anayepatia ametumwa na Mungu. Fungueni Kumbukumbu la Torati 13, mistari ya mwanzo tu. Musa anawaambia Israeli: akitokea nabii au mwotaji wa ndoto, akatoa ishara, na ile ishara ikatokea kweli, kisha akawaita mfuate miungu mingine, msimsikilize. Someni polepole. Musa hasemi ishara itashindwa. Anasema itatokea, na bado mtu huyo asisikilizwe. Mlango wa 18 unaongeza upande wa pili: neno lisipotimia, Bwana hakulinena. Wengi wetu tumeshika huu wa 18 peke yake, tukafikiri ukigeuzwa nao ni kweli. Sivyo. Kutotimia kunamwangusha nabii, lakini kutimia peke yake hakumsimamishi.

Ushahidi wa pili uko Matendo 16, na naomba kila anayeenda kwenye mikutano ya unabii ausome kabla hajatoka nyumbani. Paulo na Sila wako Filipi. Kuna kijakazi mwenye pepo wa uaguzi, na mabwana zake wanapata faida nyingi kwa uaguzi wake. Anamfuata Paulo siku nyingi akipiga kelele kwamba watu hawa ni watumishi wa Mungu aliye juu, wanaowahubiria njia ya wokovu. Jamani, kuna neno la uongo hapo? Hakuna hata moja. Mhubiri mwingine angemkaribisha jukwaani, akampa na kipaza sauti atoe ushuhuda. Paulo alimkemea pepo akatoka. Na mara tu binti alipofunguka, mabwana zake walikasirika kwa sababu tumaini la faida yao limepotea, wakawaburuta Paulo na Sila sokoni mbele ya wakuu, wakapigwa bakora, wakatiwa gerezani.

Kwa hiyo roho chafu inaweza kusema kweli tupu, tena kweli ya Injili. Ukimpima kwa kupatia tu, yule kijakazi anapita.

Sasa nije kwetu. Pwani hii haijaanza jana kuambiwa mambo ya siri. Tangu babu zetu wapo wanaopiga bao, wapo wanaopandisha mashetani, wapo wanaotaja aliyekuroga. Mapango ya Amboni mpaka leo watu wanaacha chupa za marashi, vitambaa na sarafu kule ndani wakiomba mzimu. Mtu wa hapa akiokoka, mara nyingi anaacha kwenda kwa mganga kweli, lakini lile swali alilokuwa akimpelekea mganga anabaki nalo mfukoni: nani amenifanyia? Halafu anatokea mtu mwenye suti nzuri na maiki, analipokea swali lilelile na kulijibu kwa jina la Yesu. Nyota yako imeibiwa. Kuna chuma ulete kwenye biashara yako. Una jini mahaba, ndiyo maana huolewi. Aliyekufunga ni mwanamke wa upande wa baba, mweusi, anaishi karibu na maji. Ndugu zangu, Tanga hii nani asiye na shangazi anayeishi karibu na maji?

Hapa ndipo ninapoumia zaidi. Nimekaa na familia ambazo mama mzazi haruhusiwi kumshika mjukuu wake, kwa sababu binti aliambiwa kwenye maombi kwamba mama ndiye mchawi. Nimeona ndugu wawili wa tumbo moja hawazikani. Ukiwauliza ushahidi, hakuna ila "mtumishi aliona". Sasa niambieni, tofauti yake na mpiga bao ni nini? Nguo na lugha. Swali ni lile, jibu ni lile, na mwisho wa jibu ni ule: ndugu wanachukiana na mteja anarudi tena wiki ijayo.

Roho wa Mungu tunamjua kwa matunda yake, Wagalatia 5: upendo, furaha, amani, uvumilivu. Ishara iliyokuacha ukimchukia mama yako, hata ingekutajia namba ya kitambulisho chako, ishike kwa mashaka makubwa sana.

Halafu kuna fundisho lenyewe, maana ishara haiji tupu, kila ishara inabeba fundisho mgongoni. Sikilizeni kinachosemwa baada ya muujiza. Unaambiwa Yesu amekuokoa ndiyo, ila bado una laana ya ukoo, na hiyo haitoki mpaka upite madhabahu hii, ukanyage mafuta haya, ununue maji haya, uweke chumvi hii mlangoni, utoe sadaka ya kujikomboa. Kimyakimya wamekufundisha kwamba msalaba haukutosha. Paulo anasema Wagalatia 3:13 kwamba Kristo alitukomboa katika laana ya torati. Ezekieli 18:20 anasema mwana hatauchukua uovu wa baba yake. Mtu anayekuuzia ukombozi uliokwisha kulipiwa anahubiri injili nyingine, na Wagalatia 1:8 haimpi nafasi hata malaika wa mbinguni kufanya hivyo.

Kuhusu fedha sitasema mengi, kila mtu anaona. Nitataja jambo moja ambalo Wakristo wengi hawajawahi kulisikia. Kuna andiko la kale liitwalo Didakhe, yaani Mafundisho ya Mitume, linalokadiriwa kuwa la mwishoni mwa karne ya 1 au mwanzoni mwa ya 2. Si sehemu ya Biblia, ila linatuonyesha kanisa la mwanzo liliishije na manabii wanaozungukazunguka. Linasema mtume akija apokelewe kama Bwana, akae siku moja, au mbili kama kuna haja. Akikaa tatu ni nabii wa uongo. Akiondoka apewe mkate wa kumfikisha anapolala. Akiomba fedha ni nabii wa uongo. Na nabii akisema katika roho "nipeni fedha", asisikilizwe, isipokuwa ameomba kwa ajili ya wahitaji wengine. Wale watu walikuwa karibu na mitume kuliko sisi, waliamini unabii kuliko sisi, na bado waliweka ukali wa namna hiyo.

Msiseme haya ni mambo madogo ya watu na sadaka zao. Februari 1, 2020, pale Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako uwanjani. Kanungu, Uganda, kundi lililodai kupewa ujumbe na Bikira Maria liliwafanya waumini wauze mali zao wakingoja mwisho wa dunia. Mwisho ukapita bila kuja, na Machi 17, 2000 mamia wakateketea ndani ya jengo la ibada. Na Shakahola, mwaka 2023, ni Kilifi hapo, pwani hii hii yetu ukivuka Horohoro ukapita Mombasa. Miili zaidi ya 400 ilifukuliwa msituni, ya watu walioambiwa wafunge mpaka wafe ili wakutane na Yesu. Watoto walikuwemo. Hakuna hata mmoja wa wale aliyeanza kwa kuambiwa "njoo ufe". Walianza kwa kuambiwa neno lililowagusa, wakaamini kwamba aliyewagusa hawezi kukosea. Baadaye wakaambiwa shule ni ya shetani, kisha hospitali ni ya shetani, kisha chakula.

Nawasilisha. Karibuni, hata wanaonipinga.

Binti Pangani:

Shikamoo mzee. Nimesoma yote. Ila naona unamzimisha Roho. Mimi nilitabiriwa nikiwa nimekata tamaa kabisa na likatimia, sasa unataka niseme lilikuwa la shetani? Makanisa yenu makubwa yamekufa ndiyo maana watu wanahama.

Mzee wa Chumbageni:

Marahaba mwanangu. Sijasema lilikuwa la shetani, na mimi sikuwepo. Umenitajia "msimzimishe Roho", 1 Wathesalonike 5:19. Shuka nayo mpaka 21: msitweze unabii, jaribuni mambo yote, lishikeni lililo jema. Paulo ameviweka pamoja. Anayekataza unabii amevunja mstari wa 20, na anayekataza kupimwa amevunja wa 21.

Ngoja nikupe nabii wa kweli tumtazame pamoja. Agabo. Matendo 11, anatabiri kwamba njaa kubwa inakuja, nayo ikaja siku za Klaudio. Kilichofuata? Wanafunzi kila mtu kwa kadiri alivyoweza wakachanga msaada, wakaupeleka kwa ndugu wa Uyahudi kwa mikono ya Barnaba na Sauli. Hatusomi popote Agabo akipewa hata senti. Fedha ilikwenda kwa wenye njaa. Tena Matendo 21, Agabo anajifunga mshipi wa Paulo na kusema mwenye mshipi huu atafungwa Yerusalemu. Watu wakalia wakimsihi Paulo asiende. Paulo akasema niko tayari, akaenda. Agabo hakumtishia, hakumwambia "umemwasi mtumishi, utaona". Alisema alichopewa akamwachia mtu uamuzi wake mbele za Mungu.

Basi jiulize lile neno ulilopewa lilikufikisha wapi. Kama tangu siku ile unaomba zaidi mwenyewe, unasoma Neno, una amani na nyumbani kwenu, lishike na umshukuru Mungu. Kama tangu siku ile huwezi kuamua kuolewa, kusafiri wala kufungua genge mpaka umpigie mtumishi simu, hapo pana tatizo hata kama neno lilitimia.

Na kuhusu makanisa yetu, sehemu ya maneno yako ni kweli na inauma. Mtu anafiwa, anaugua, anakaa Jumapili hadi Jumapili na hakuna aliyemgongea mlango. Kule kwenye hema anashikwa mkono na kuulizwa jina. Tusiwalaumu wanaokwenda kabla hatujaenda kuwatembelea.

Mtu wa Ngamiani:

Mimi Muislamu, nimeupenda uzi. Kwetu nako wapo, anakusomea, anakuandikia kombe, kisha anakwambia adui ni mke mwenzio au jirani. Ukienda kwa masheikh wenye elimu wanakukataza kabisa kwenda kwa watabiri. Nadhani ni ugonjwa wa watu wote wa pwani.

Mzee wa Chumbageni:

Ahsante sana ndugu yangu. Sitaingia kwenye dini yako kuifundisha, ila nakubaliana nawe: swali la "nani kanifanyia" halina dini. Tungeweza kulisema pamoja kwenye baraza za mtaa, maana misiba na maradhi tunashirikiana.

Kijana wa Makorora:

Mkuu naomba kuuliza, hivi wanajuaje majina na namba za watu? Maana mimi mwenyewe nilishuhudia.

Mzee wa Chumbageni:

Kijana wangu, sitasema kila mmoja ni tapeli. Lakini kabla ya kuuliza ni roho gani, uliza kwanza mambo ya kawaida. Ulijaza karatasi ya maombi mlangoni? Uliandika jina, simu na tatizo lako? Uliongea na wahudumu kwenye foleni? Aliyekualika anakufahamu? Umeweka msiba wako kwenye Facebook? Na maneno mengine ni mapana mno: "kuna mama hapa ana maumivu ya mgongo". Kwenye umati wa viwanja vya Tangamano, akina mama wenye maumivu ya mgongo watajaza basi.

Ila usiishie hapo ukadhani ukishagundua ujanja umemaliza kazi. Hata kama hakuna ujanja, hata kama amejua kwa njia isiyoelezeka, bado tuko kwa yule kijakazi wa Filipi. Pima anachofundisha juu ya Yesu, 1 Yohana 4. Pima nani anafaidika. Pima unavyobaki wewe.

Mama wa Muheza:

Mzee mimi ni Mkatoliki. Je, wanaosema Bikira Maria amewatokea nao tuwapimeje? Kuna watu huku kijijini wamepeana habari kwenye simu, wanataka tuanze mfungo fulani na tutoe michango.

Mzee wa Chumbageni:

Mama, mimi si wa kanisa lako, kwa hiyo la kwanza ni kumwona paroko wako kabla hamjachanga shilingi. Lakini ninalolijua ni kwamba kanisa lenu lina taratibu zake. Mei 2024 Vatikani ilitoa taratibu mpya za kupima matukio yanayodaiwa kuwa ya kimungu, na kati ya dalili mbaya zilizotajwa ni makosa ya mafundisho, na kutafuta faida ya fedha, madaraka au umaarufu kwa kutumia tukio lenyewe. Askofu ndiye mwenye jukumu la kuchunguza, si kundi la WhatsApp. Na kumbukeni Kanungu: nayo ilianza na watu wanaosema wametokewa na Bikira Maria, wakakaa mbali na usimamizi wa askofu.

Mpita Njia:

Na ndoto je? Bundi akilia juu ya bati? Jicho la kushoto likicheza?

Mzee wa Chumbageni:

Bundi ni ndege, anawinda panya usiku, na panya wako kwenye nyumba yako. Jicho likicheza lala mapema. Ndoto zipo za Mungu katika Biblia, Yusufu alionywa amkimbize mtoto Misri, ila Mhubiri 5:3 anasema pia ndoto huja kwa sababu ya shughuli nyingi. Ndoto ikikusumbua iombee, mshirikishe mtu mzima wa imani, endelea na kazi. Usiipeleke kwa mtu anayetoza kuitafsiri.

Mwanafunzi wa Biblia:

Mzee, mbona hujataja 1 Wafalme 13? Ndiyo inayonitisha mimi.

Mzee wa Chumbageni:

Umenikumbusha vizuri. Mtu wa Mungu kutoka Yuda aliagizwa na Bwana asile mkate wala asinywe maji kule Betheli, wala asirudi kwa njia aliyoijia. Mfalme Yeroboamu mwenyewe alimkaribisha, akakataa. Kisha akaja nabii mzee akamwambia, mimi nami ni nabii kama wewe, malaika ameniambia nikurudishe ule. Biblia inasema wazi kwamba alimdanganya. Akarudi, akala, na njiani simba akamwua.

Mfalme hakumweza, ila mwenzake mwenye cheo cha unabii alimweza kwa neno moja: "malaika ameniambia". Na huyo nabii mzee hakuwa mpagani. Ndiyo maana nasema heshima kwa watumishi isitufanye tuweke kando lile ambalo Mungu amekwisha kulisema. Na sisi Waswahili hatuna kisingizio. Biblia nzima kwa Kiswahili imekuwepo tangu 1891, kazi iliyoanzwa na Askofu Edward Steere wa Unguja, na ile ya Union tunayoijua wengi ipo tangu 1952. Watu wa Beroya, Matendo 17:11, walimsikiliza Paulo, mtume mzima, wakarudi nyumbani kuyachunguza maandiko kila siku kama ndivyo ilivyo. Nao wakasifiwa kwa hilo, hawakuitwa waasi.

Mgeni_TA:

Shikamoo mzee. Nimejiunga jukwaani leo kwa ajili ya uzi huu. Mama yangu ana sukari. Wiki iliyopita aliambiwa kwenye maombi amepona, akatupa vidonge. Anasema akivimeza anamkana Mungu. Tangu juzi anakojoa sana na macho yanafifia. Nikimwambia anasema nina roho ya kutokuamini. Nifanyeje?

Mzee wa Chumbageni:

Marahaba mwanangu. Acha kubishana naye kuhusu imani kwa leo. Mpeleke hospitali ya Bombo sasa hivi, au zahanati yoyote iliyo karibu wapime sukari, hizo dalili si za kungoja Jumapili. Mwambie hivi: "Mama, kama umepona, kipimo kitaonyesha, na tutamshukuru Mungu pamoja." Yesu aliwaambia wakoma kumi waende wakajionyeshe kwa makuhani, Luka 17, na makuhani ndio waliokuwa wakikagua ukoma siku zile. Muujiza wa kweli hauogopi kupimwa. Na Paulo alimshauri Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake na magonjwa yake ya mara kwa mara, hakumwambia hana imani.

Akikataa kabisa, tafuta mtu anayemheshimu, kaka yake, au mama mwenzake wa kanisani, aje nyumbani leo. Nitumie ujumbe wa faragha uniambie mko mtaa gani. Mimi na mke wangu tuna nafasi jioni hii, na tunaye muuguzi mstaafu hapa jirani ambaye yuko tayari kuja nasi.

Mgeni_TA:

Nimekutumia, mzee. Mjomba yuko njiani na bajaji.